Kutafuta Kisanduku kwa Namba

Wako watu wazima, wenye akili zao timamu, wanaotoka nyumbani asubuhi kwenda kutafuta kopo lililofichwa porini. Kopo hilo si lao. Ndani yake hamna fedha ya maana. Wakilipata wanaandika majina yao katika daftari lililomo, wanalirudisha palepale, wanakwenda zao. Tena wanarudi nyumbani wamefurahi!

Mchezo huu unaitwa jiokashingi. Ulianza Marekani mwaka 2000, na leo visanduku na makopo yaliyofichwa duniani ni zaidi ya milioni 3. Utasema, ah, huo ni mchezo wa watu wasio na kazi. Pengine. Lakini hesabu iliyomo ndani yake ndiyo hiyohiyo inayotumika siku hizi kupima mashamba yetu.

Ulianzaje?

Mwaka 1978 jeshi la Marekani lilianza kurusha setilaiti za kuonyesha mahali. Setilaiti ni chombo kinachoizunguka dunia huko juu angani. Hizi tunazozisema ziko juu kiasi cha kilomita 20,200, na kila moja huizunguka dunia mara mbili kwa siku. Baadaye raia nao waliruhusiwa kuzitumia. Lakini jeshi lilitia kosa makusudi katika mawimbi ya raia. Mtu akipima mahali alipo, kifaa chake kiliweza kumdanganya hata mita 100. Hapo ni kutoka goli moja hadi goli la pili.

Rais Bill Clinton akaamuru kosa hilo liondolewe. Liliondolewa usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei, 2000. Kesho yake, tarehe 3, mtu mmoja aitwaye Dave Ulmer alikwenda msituni karibu na Beavercreek, katika jimbo la Oregon, akaficha ndoo nyeusi ya plastiki. Alitaka kuona kama kweli mtu mwingine anaweza kuifikia kwa namba tu, bila kuelekezwa. Ndani aliweka daftari, penseli, vitabu, vikorokoro vingine, na kopo moja la maharagwe. Akazitangaza namba za mahali pale kwa njia ya intaneti. Masharti yake yalikuwa mafupi: chukua kitu, acha kitu, andika katika daftari. Siku chache tu baadaye Mike Teague akawa wa kwanza kuiona ile ndoo.

Waingereza nao walikuwa na jambo la namna hii zamani. Mwaka 1854 James Perrott, aliyekuwa akiongoza wageni katika nyika ya Dartmoor, aliacha chupa pana mahali paitwapo Cranmere Pool. Mgeni aliyefika aliacha humo kadi yenye jina lake. Kufika pale kulikuwa kazi, maana ni matope na ukungu, na kiongozi alitegemea kuijua nchi yake tu.

Namba hizo ni nini?

Wataalamu wameichora dunia mistari. Mstari mkuu wa kati ni ikweta. Sisi Watanzania tuko kusini yake. Mstari mwingine mkuu umepita Greenwich, Uingereza, na sisi tuko mashariki yake. Mji wa Dodoma, kwa mfano, uko kiasi cha digrii 6 na dakika 10 kusini, na digrii 35 na dakika 44 mashariki. Dakika hizi si za saa. Ni digrii moja iliyogawanywa mara 60.

Ukitembea kwenda kusini digrii moja, umekwenda kilomita 111 hivi. Dakika moja ni mita 1,850. Wachezaji huigawa hata hiyo dakika mara 1,000, ndiyo maana wanaandika dakika 10.350, au 10.351. Tofauti ya hizo mbili haifiki mita 2. Sasa tazama: ukiisoma 10.351 kama 10.851, umekosea tarakimu moja tu, lakini uko mbali na kopo zaidi ya mita 900. Utapekua mawe mpaka jua lizame.

Na kifaa kinajuaje kiko wapi? Setilaiti inapeleka mawimbi yanayotaja saa yalipotoka. Mawimbi hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Kifaa kinapima yamechukua muda gani njiani, kisha kinapiga hesabu ya umbali. Lakini setilaiti moja haitoshi. Hebu mwambie mgeni kwamba nyumba yako iko hatua 200 kutoka kisimani. Atakizunguka kisima chote! Ukiongeza kwamba ni hatua 150 kutoka shuleni, zinabaki sehemu mbili tu za kutazama. Ukiongeza na umbali wa kutoka kwenye mwembe, basi anabisha hodi mlangoni kwako. Angani huhitajiwa setilaiti nne, ile ya nne ni ya kusahihisha saa ya kifaa chenyewe. Chini ya miti minene, au bondeni penye kuta za miamba, mawimbi hufifia au hugonga mwamba kwanza, na hapo kifaa hukosea zaidi.

Siku ya kutafuta

Kwa kawaida watu huenda wawili wawili. Tuchukue hukohuko Dartmoor, ambako mchezo huu sasa una wafuasi wengi. Ni nchi ya vilima vyenye mawe makubwa ya matale, kondoo, na farasi wadogo wanaojilisha ovyo. Mmoja hushika kifaa, mwenzake hutazama njia. Kazi hiyo ya pili watu huidharau, nayo ndiyo inayookoa maisha. Kifaa huonyesha mstari ulionyooka. Hakisemi kwamba katikati pana kinamasi.

"Bado mita mia mbili, tukate hapa."

"Hapana bwana, huoni majani yale ya kijani kibichi? Chini ni tope. Tuzunguke."

Mwenye busara huzunguka. Tena hubeba ramani ya karatasi na dira, kwa kuwa betri huisha, na ukungu wa huko hushuka kwa dakika chache hata usimwone mwenzako. Mageti ya wafugaji huachwa kama yalivyokutwa: lililofungwa hufungwa, la wazi huachwa wazi.

Wakifika kiasi cha mita 5, kifaa hakina msaada tena. Sasa ni macho. Jiwe gani limekaa vibaya? Matawi gani yamepangwa na mkono wa mtu? Huenda wakazunguka nusu saa, mmoja akianza kununa, ndipo mwingine acheke: "Kumbe umelikalia!" Hufungua, huandika majina na tarehe, hufunga vizuri maji yasiingie. Visanduku vingine ni vikubwa kama debe dogo, vingine ni vidogo kama kopo la filamu ya picha.

Yapo mambo yaliyokatazwa. Chakula hakiwekwi, maana wanyama watafukua. Visu, risasi na dawa za kulevya haviwekwi. Kisanduku hakizikwi ardhini, na mwenye ardhi huombwa ruhusa kwanza. Hilo la ruhusa si adabu tu. Mwaka 2011, huko Wetherby, Uingereza, kisanduku kilichofichwa mjini kilidhaniwa ni bomu. Wanajeshi waliitwa, wakakilipua.

Na mashamba yetu?

Tangu Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, mwanakijiji anaweza kupata hatimiliki ya kimila. Kwenye upimaji wa siku hizi hutumika namba hizihizi. Katika wilaya ya Iringa, mradi ulioanza mwaka 2014 uliwafundisha vijana wa vijiji kupima mashamba kwa simu.

Sasa kumbuka zile mita 5. Kwa mtafuta kopo ni kuinua mawe machache zaidi. Kwenye mpaka wa shamba, mahindi yaliyopandwa sentimita 75 kati ya mstari na mstari, mita 5 ni zaidi ya mistari 6. Ndiyo maana majirani wote wa mpakani hutakiwa kuwapo, watembee mpakani pamoja na mpimaji, na wakubaliane kabla namba hazijaandikwa. Vifaa vikubwa vya wapima ardhi, vile vinavyosimamishwa juu ya miguu mitatu, hukosea sentimita chache tu. Mpimaji akija kwako, muulize amekuja na kipi, na umwombe akusomee namba zako kwa sauti, tarakimu moja moja, nawe ukifuata kwa kidole kwenye karatasi.