Unaishi Kitengela, Unafanya Kazi Nairobi: Kodi Yako Huenda Wapi?

Kila alfajiri matatu huondoka Kitengela zikiwa zimejaa wafanyakazi wa Nairobi, na wengine hushukia viwandani Athi River, Kaunti ya Machakos. Wengi wao huuliza: nikilala Kajiado na kulipwa kwingine, nijaze ritani za kaunti gani?

Hakuna ritani za kaunti. Kifungu cha 209 cha Katiba ya 2010 kinairuhusu Serikali ya Kitaifa pekee kutoza kodi ya mapato. Mwajiri hukata PAYE na kuiwasilisha kwa KRA, popote ofisi ilipo. Wewe hujaza ritani moja kwenye iTax, kufikia Juni 30 ya mwaka unaofuata. Ukichelewa, faini ni Sh2,000 au asilimia 5 ya kodi unayodaiwa, ile iliyo kubwa zaidi.

Usijaze ritani ya sufuri eti kwa kuwa mwajiri ameshakata kodi. Hiyo ni ya asiye na mapato. Aliyebadilisha kazi katikati ya mwaka aombe fomu ya P9 kwa waajiri wote wawili na kujaza zote. Nafuu ya kodi ya Sh2,400 kwa mwezi ni moja kwa kila mtu. Ukipewa mara mbili katika mwezi mmoja, utadaiwa tofauti hiyo.

Wenye nyumba za kupangisha, na hapa Kitengela ni wengi, wana ritani nyingine. Kodi ya nyumba ikiwa kati ya Sh288,000 na Sh15 milioni kwa mwaka, KRA hutoza asilimia 7.5 kabla ya kutoa gharama yoyote. Hulipwa kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Je, Kajiado hupata nini? Angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa hugawiwa kaunti 47, na idadi ya watu ni kigezo kimojawapo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,117,840 Kajiado. Mkazi wa Kitengela aliyelala kwao mashambani usiku wa Agosti 24 mwaka huo alihesabiwa huko.

Ada za kaunti ndizo hufuata mahali. Maegesho ya Nairobi hulipwa Nairobi. Leseni ya duka lililo Kitengela na ada ya ardhi ya ploti iliyo hapa hulipwa Kajiado, hata mwenyewe akiishi Mombasa. Anayenuia kuuza ploti alipe malimbikizo mapema, maana ataombwa cheti kinachoonyesha hadaiwi na kaunti kabla umiliki haujahamishwa.