Ajali ya Mmoja, Hasara ya Wote

Kampuni za meli za kitalii hugombania abiria, lakini katika usalama hazina budi kushikana mikono, kwani meli moja ikizama, tiketi za zote hudoda. Zilijifunza hivyo baada ya Januari 13, 2012, meli ya Costa Concordia ilipopasuliwa na mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, ikiwa na watu zaidi ya 4,200. Watu 32 walikufa.

Mamia ya abiria waliopanda saa chache kabla katika bandari ya Civitavecchia hawakuwa wamefanya zoezi la kujiokoa. Sheria haikuvunjwa hapo. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, ambao chimbuko lake ni kuzama kwa Titanic, uliruhusu zoezi hilo lifanywe ndani ya saa 24 tangu abiria wapande. Februari mwaka huohuo, CLIA, chama cha kampuni hizo, pamoja na vyama vya Ulaya, kilitangaza kwamba kwa wanachama wote zoezi litatangulia, kisha ndipo meli ing'oe nanga. Mkataba wenyewe ulikuja kubadilishwa, na kanuni mpya ikaanza kutumika Januari 1, 2015.

Wepesi wa kampuni kukubaliana unaeleweka: zoezi la nusu saa halina gharama kubwa. Mazingira ni habari nyingine. Meli iliyofunga gati bado inahitaji umeme wa taa, majokofu, viyoyozi na majiko, hivyo injini huendelea kunguruma na moshi wake huvutwa na wenyeji wa mji. Mwaka 2001, huko Juneau, Alaska, Princess Cruises ilishirikiana na mji na kampuni ya umeme kufikisha nyaya gatini. Meli ikazima injini na kutumia umeme wa nguvu za maji, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kufanywa na meli ya kitalii popote. Hapa ushirikiano si hiari: mtambo wa kupokea umeme melini ni kazi bure kama bandari haina waya, na bandari nyingi bado hazina.

Sifa hizo, hata hivyo, hazikuizuia kampuni hiyohiyo kukiri mwaka 2016 kwamba meli yake, Caribbean Princess, ilimwaga maji yenye mafuta baharini kwa bomba la siri. Aliyefichua alikuwa mhandisi mgeni kazini. Faini ikawa dola milioni 40. Ahadi za chama, basi, hazitoshi bila mkono wa sheria. Kikomo cha salfa katika mafuta ya meli kilishuka kutoka asilimia 3.50 hadi 0.50 mwaka 2020 kwa sababu Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, liliamuru. Hata hivyo mwanya ulibaki: meli nyingi za kitalii zilifunga mitambo ya kuosha moshi, zikaendelea na mafuta mazito, na mara nyingi maji ya kuoshea huishia baharini.

Sasa CLIA inalenga kufuta mchango wa meli za wanachama wake katika ongezeko la joto duniani ifikapo 2050. Meli ya kitalii huweza kutumika miaka 30, kwa hiyo zitakazopimwa kwa ahadi hiyo zinaundwa leo.