Dawa ya Usingizi Haichagui Upande

Chukulia mama wa miaka 68 aliyewekewa nyonga ya bandia jana asubuhi. Upasuaji ulikwenda salama. Leo saa sita mchana, muda wa kutazama wagonjwa, mwanawe anafika wodini na chupa ya uji. "Shikamoo mama. Amka unywe uji." Mama anafumbua macho, anaitika kwa maneno mazito yasiyoeleweka. Mkono wake wa kulia umelala tu juu ya shuka. Kijana anamwita nesi, naye anamjibu kwa upole: "Mwache apumzike kaka, bado ana dawa ya usingizi."

Jibu hilo hutolewa kwa nia njema, na mara nyingi huwa sahihi. Kwa mama huyu si sahihi. Amepata kiharusi, na kila dakika inayopita inaua chembe zaidi za ubongo wake.

Madaktari huhesabu kiharusi cha upasuaji tangu mgonjwa anapokuwa mezani hadi siku 30 baadaye. Kwa upasuaji usiogusa moyo wala ubongo, huwapata pungufu ya mgonjwa mmoja katika 100. Kwa upasuaji wa moyo ni zaidi. Viharusi vingine hupita kimyakimya. Utafiti wa NeuroVISION uliochapishwa mwaka 2019 uliwapiga picha za ubongo wagonjwa wa miaka 65 na zaidi waliofanyiwa upasuaji usiohusu moyo, ukakuta asilimia 7 wana kovu jipya la kiharusi ambacho hakuna aliyekigundua.

Wengi hudhani hatari yote iko kwenye chumba cha upasuaji. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya viharusi hivi hutokea baadaye, mgonjwa akiwa kitandani. Mwili uliopasuliwa hujihami kwa kugandisha damu upesi, na wakati huohuo dawa za kuzuia damu kuganda mara nyingi huwa zimesimamishwa kwa wanaozitumia. Mgonjwa alifunga kula na kunywa, pengine amepoteza damu, presha ikashuka. Moyo wa mtu mzima unaweza pia kuanza kudunda bila mpangilio. Damu ikituama ndani yake huganda, na bonge likichomoka husafiri hadi kwenye mshipa wa ubongo na kuuziba.

Tutakitofautishaje kiharusi na usingizi wa dawa? Shika jambo moja: dawa ya usingizi haichagui upande. Nusukaputi huzubaisha mwili mzima, na sindano ya ganzi ya mgongoni hulegeza miguu yote miwili. Kiharusi kwa kawaida huchagua upande. Mwambie mgonjwa atabasamu, uone kama mdomo unapinda. Mwambie anyanyue mikono yote miwili, uone kama mmoja unashuka. Mwulize jina lake, usikilize ulimi. Ukiona kasoro, na kiungo chenye kasoro hakikuchomwa ganzi yake peke yake, usikubali kuambiwa usubiri. Omba daktari aitwe papo hapo.

Uji ule ubaki chupani. Koo lililopooza hupeleka chakula kwenye mapafu. Aspirini nayo isitolewe kwanza, kwa sababu kiharusi kinaweza kuwa cha kuvuja damu. Sukari ipimwe mara moja, maana sukari ikishuka sana huiga kiharusi. Kisha mgonjwa apelekwe kwenye kipimo cha CT ili ijulikane kama mshipa umeziba au umepasuka. Tena iandikwe saa ya mwisho alipoonekana mzima. Kama aliongea vizuri saa tatu asubuhi, muda unahesabiwa tangu saa tatu, si tangu saa sita alipokutwa.

Saa hiyo ndiyo inayoamua tiba. Kwa kawaida, dawa ya kuyeyusha bonge la damu hutolewa ndani ya saa 4 na nusu. Kwa aliyefanyiwa upasuaji mkubwa ndani ya siku 14 zilizopita, dawa hiyo inaweza kufumua damu kwenye kidonda, kwa hiyo madaktari huipima kwa tahadhari kubwa na mara nyingi huiacha. Lakini mlango mwingine uko wazi. Mshipa mkubwa ukiwa umeziba, bingwa anaweza kupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa kinena hadi kichwani na kulichomoa bonge lenyewe. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2015 yalithibitisha tiba hii, na yale ya mwaka 2018 yalionyesha kwamba baadhi ya wagonjwa hunufaika hata hadi saa 24. Pasipo na huduma hiyo, bado kuna kazi ya kuokoa ubongo: presha isishushwe kwa pupa, homa na sukari zidhibitiwe, umezaji upimwe, mazoezi ya viungo yaanze mapema.

Kinga huanza kliniki, kabla ya tarehe ya upasuaji. Aliyewahi kupata kiharusi aseme, na aseme lini. Upasuaji unaoweza kungoja unafaa uahirishwe walau miezi 3 baada ya kiharusi. Wa dharura haungoji. Beba dawa zako zote umwonyeshe daktari wa usingizi, usiache hata moja kwa uamuzi wako. Utafiti wa POISE wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kuanzishiwa dawa ya moyo na presha iitwayo metoprolol siku ileile ya upasuaji kuliongeza viharusi na vifo, ingawa kulipunguza mishtuko ya moyo. Anayeitumia tangu zamani asiikatishe ghafla.

Wewe unayekwenda kumtazama mgonjwa wako leo, unaijua sauti yake na tabasamu lake kuliko mtu yeyote wodini. Kabla ya kufungua chupa ya uji, mwambie atabasamu, anyanyue mikono, ataje jina lake. Ukiona tofauti, tazama saa na uite msaada.