Lenzi ya laki moja na nusu na ile ya bei ya chini: Tulizipima ukutani Ziwani

SALIO la kazi ile lilikuwa Sh18,000, na mpaka leo halijalipwa.

Jamaa ninayemzungumzia ni mpiga picha wa mtaa, mzaliwa wa Ziwani, Eastlands. Hupiga ruracio, mahafali na bathidei, na wikendi ikiwa mbaya, hata picha za pasipoti. Miezi michache iliyopita alipata kazi ya usiku kwenye ukumbi wenye taa tatu za manjano. Aliporudi na kuzifungua picha kwenye laptopu, nyuso zilionekana kama zimepakwa mafuta ya mgando. Macho yameyeyuka, meno ni mstari mmoja mweupe. Mteja alisema hawezi kulipia ukungu.

"Ni hii lenzi, buda," akaniambia. "Rahisi ni ghali. Nataka ile nyeupe."

Ukishasimama kando ya uwanja wa soka unaijua ile nyeupe. Ni Canon 70-200mm f/2.8, bomba refu linalobebwa na wapiga picha wa magazeti. Toleo analolitamani lilitoka 2010, na bei yake Marekani ilikuwa dola 2,499. Mjini alikuwa ameonyeshwa moja ya mtumba kwa laki moja na nusu. Mfukoni alikuwa na elfu arobaini. Zilizobaki angezitoa kwa chama, na pengo lingine lizibwe na mikopo ya simu.

Nilimwomba kitu kimoja kabla hajaingia deni: tuikodi kwa siku moja, tuipime dhidi ya ile anayoilaani. Kukodi ni elfu tatu. Tukachanga.

Jumamosi asubuhi tukabandika gazeti lililofunguliwa kurasa mbili kwenye ukuta wa moja ya zile nyumba za chumba kimoja zilizojengwa na baraza la jiji enzi za mkoloni. Tukahesabu mita tano, tukasimamisha stendi ya miguu mitatu, tukafunga kamera: Canon 700D, megapikseli 18. Upande mmoja lenzi yake, Canon 75-300mm f/4-5.6 III, ya 1999, gramu 480. Upande wa pili mgeni wetu mweupe, karibu kilo moja na nusu. Watoto wakajaa, mwishowe tukawapa kazi ya kushika gazeti lisipepee.

Kwa nini gazeti? Kwa sababu matangazo madogo hayadanganyi. Ua au uso unaweza kukuhadaa, lakini herufi ama inasomeka ama haisomeki. Na ukurasa ukijaza fremu nzima, unaona lenzi inafanya nini katikati na inafanya nini pembeni, ambako lenzi nyingi hushindwa.

Kila lenzi ina tundu linaloweza kupanuka na kubana kama mboni ya jicho. Wapiga picha huliita apacha. Namba yake huchanganya watu kwa kuwa inakwenda kinyume: f/2.8 ni tundu pana, f/22 ni kijishimo. Tulianza na f/5.6 lenzi zote mbili zikiwa kwenye milimita 200.

Hapo ile nyeupe ilituaibisha. Tulivuta picha kwenye skrini hadi saizi yake kamili, tukasoma namba za simu za matangazo ya plotì mpaka ukingoni mwa ukurasa. Picha ya 75-300 ilisomeka katikati, lakini kama unatazama kupitia dirisha la matatu lisiloshwa wiki nzima. Weusi ulikuwa kijivu. Pembeni herufi ziliogelea, na kila moja ilikuwa imevaa pindo jembamba la zambarau. Tena hapo bodi yenyewe ilikuwa inaionea huruma: sensa ya 700D ni ndogo, hutumia tu sehemu ya kati ya kile lenzi inachoona. Kwenye kamera ya fremu kamili pembe zingekuwa mbaya zaidi.

Pindo lile lina sababu. Kioo cha kawaida hakipindi rangi zote kwa kiwango kimoja, kwa hivyo bluu na nyekundu hazitui mahali pamoja. Ndani ya ile nyeupe kuna vipande 23 vya kioo, kimoja kikiwa cha floraiti na vitano vya kioo maalumu cha kuzirudisha rangi njiani. Ndani ya 75-300 kuna vipande 13, na hakuna hata kimoja cha aina hiyo. Hapo ndipo pesa zako zinakwenda. Nyingine zinakwenda kwenye mota ya fokasi, kwenye mpira wa kuzuia vumbi na mvua, na kwenye rangi nyeupe ambayo, tuwe wakweli, nayo hukuletea wateja.

Kisha tukabana tundu hadi f/8, halafu f/11. Jamaa akanyamaza. Lenzi yake ya bei ya chini ilikuwa imeamka. Katikati palikuwa safi, pembeni palisomeka ukikaza jicho. Ile nyeupe bado ilikuwa mbele, lakini sasa ilibidi uitafute tofauti. Tulipofika f/22 zote mbili zikalegea pamoja, maana mwanga ukilazimishwa kupita kwenye shimo dogo sana husambaa, na hilo halina cha bei.

Sifichi kitu: tulipovuta ile 75-300 hadi mwisho, milimita 300, hata f/8 haikuiokoa. Picha ilibaki na maziwa. Ukiwa nayo, ichukulie kama 75-200 na mtaelewana.

Lakini usikimbilie kusema lenzi zote za bei ya chini ni takataka. Tulifunga ile 18-55 iliyokuja na kamera kwenye boksi, gramu 205, plastiki tupu, ile ambayo kila mtu huiuza mwezi wa pili. Tukasogea karibu ili gazeti lijaze fremu tena. Kwenye f/8 ilisoma matangazo yote, pembe hadi pembe. Halafu rafiki mmoja akatembea kutoka Kariokor na 55-250mm STM yake, ya 2013, gramu 375, iliyotoka kwa dola 349. Kwenye milimita 200, f/8, tuliiweka kando ya ile nyeupe na tukabishana nani ni nani. Nilikosea mara mbili.

Kwa hivyo 75-300 na 55-250 ni lenzi mbili ambazo muuzaji hukupangia kwenye rafu moja ya "za kuanzia", na ukali wao ni mbingu na ardhi. Moja ni mchoro wa zamani unaouzwa bado. Nyingine ilichorwa karibu miaka 15 baadaye kwa ajili ya sensa ndogo. Ukiambiwa "hii inavuta mpaka 300", uliza ni ya mwaka gani.

Mchana nikachukua simu. Tulikuwa tumepiga picha za kijana mmoja akiwa ameegemea ukuta juani, kwa lenzi tatu, zote f/8. Tukazipunguza hadi saizi ya Instagram, upana wa pikseli 1,080, tukazipitisha kwa kinyozi, kwa mama wa mboga, na kwa vijana wa gereji wakingoja nati. Swali: ipi imepigwa na lenzi ya laki moja na nusu?

Mama wa mboga aliuliza kwa nini kijana huyo hakuchana nywele. Wengine walikisia, na makisio yao yalisambaa pande zote. Hesabu inaeleza. Picha ya kamera hiyo ina karibu pikseli milioni 18. Ile ya Instagram ya pikseli 1,080 kwa 1,350 haifiki milioni moja na nusu. Umetupa zaidi ya tisa ya kumi ya picha kabla mtu hajaiona, na WhatsApp huibana zaidi ya hapo. Ukali unaolipiwa na ile nyeupe juani unaonekana kwenye bango, kwenye albamu kubwa, au ukikata kipande kidogo cha picha na kukikuza. Wateja wangapi wa Ziwani hununua bango?

Basi mbona picha za ukumbini ziliharibika?

Jibu lilikuwa kwenye laptopu siku zote. Kamera huandika ndani ya kila picha jinsi ilivyopigwa, na unaweza kusoma ukifungua taarifa za faili. Tulifungua kumi kati ya zile zilizokataliwa. Tundu f/5.6, yaani pana kadiri lenzi hiyo inavyoweza ikivutwa mwisho. Kasi ya shata: sekunde 1/25. Lenzi ndefu hivyo, mkononi, isiyo na kifaa cha kutuliza mtikisiko, watu wanacheza. Hapo hata lenzi ya almasi ingetoa ukungu. Macho hayakuyeyuka kwa sababu kioo ni kibovu. Yaliyeyuka kwa sababu bibi harusi alikuwa anasogea na shata bado iko wazi.

Jioni tukalijaribu hilo ndani ya chumba chake, balbu moja, mpwa wake akicheza mbele ya kitanda. ISO 3,200 kwa zote. Lenzi ya 75-300 ilipewa sekunde 1/40, na mtoto akawa moshi. Ile nyeupe ilifungua hadi f/2.8 na kupata 1/160. Uso ukatulia, mikono tu ndiyo ilibaki na mkia. Kutoka f/5.6 hadi f/2.8 ni mwanga mara nne, na hilo halihitaji skrini kubwa kuliona. Mama wa mboga angeliona.

Na ile 55-250 iliyotuchanganya asubuhi? Nayo huishia f/5.6. Juani ni simba, usiku ni paka.

"Kumbe nilikuwa nanunua giza," jamaa akasema, akacheka vibaya.

Nadhani hapa ndipo vijana wengi wa kamera huumia. Tunasema "lenzi kali" kwa vitu viwili tofauti, kioo kinachochora vizuri na tundu linaloingiza mwanga, halafu tunakopa pesa bila kujua ni kipi kilitukosa. Anayepiga mahafali saa sita mchana hana shida ya tundu. Anayepiga ukumbini usiku anayo, na ana njia kadhaa kabla ya laki moja na nusu. Kuna flashi inayorushwa kwenye dari. Kuna kupandisha ISO bila kuogopa chengachenga, kwa sababu picha yenye chengachenga inalipiwa na yenye ukungu hailipiwi. Na kuna 50mm f/1.8 STM, ya 2015, iliyotoka kwa dola 125. Haivuti, utavuta kwa miguu. Lakini ikifunguliwa kabisa inaingiza karibu mara kumi ya mwanga wa f/5.6.

Ukienda kuitafuta ya mtumba, beba tochi. Imulike lenzi kutoka nyuma na uangalie ndani. Vumbi kidogo si neno. Nyuzi kama za buibui ni kuvu, na kuvu hula kioo. Zungusha pete ya fokasi, isikwame. Kisha beba kamera yako, bandika karatasi yenye maandishi ukutani, piga kwa tundu pana, na utazame pembe zote nne. Moja ikiwa mbaya kuliko nyingine, vioo vimekaa upande, labda ilianguka. Muuzaji akikasirika kwa hilo, ondoka.

Jamaa hakuchukua mkopo. Alinunua 50mm ya mtumba kwa pesa alizokuwa nazo na chenji ikabaki. Ile nyeupe huikodi kazi ikiwa ya usiku na jukwaa likiwa mbali. Kwenye karatasi ya bei anayowapa wateja sasa ameongeza mstari: kukodi lenzi, 3,000.

Mteja wa kwanza kuuona aliuliza hiyo ni ya nini. Jamaa akatoa simu, akamwonyesha picha mbili za mpwa wake akicheza mbele ya kitanda. Akalipa.