Umbo namba nane: ni mazoezi au unazaliwa nalo?

Unapiga mazoezi ya tumbo kila asubuhi, mwezi wa pili huu, na kiuno kiko vilevile. Dada yako hata kukimbia hakimbii, ila ana umbo namba nane. Inauma, lakini ina sababu.

Upana wa nyonga na mbavu ni mifupa, na hiyo umeirithi. Hata mafuta yakae tumboni au mapajani, vinasaba vina usemi mkubwa. Mwaka 2007 watafiti wa Uingereza walitangaza kuwa jeni iitwayo FTO inahusiana na uzito: waliorithi aina yake ya hatari kwa baba na kwa mama walikuwa na wastani wa kilo 3 zaidi ya wasiokuwa nayo.

Basi tukate tamaa? Hapana. Utafiti wa 2011 uliojumlisha watu wazima zaidi ya 200,000 ulionesha kuwa kwa wanaoushughulisha mwili, hatari ya unene inayotokana na jeni hiyo ilikuwa pungufu kwa asilimia 27.

Ila mwili hauchomi mafuta pale tu unapopakunja. Kulala na kuinuka mara 100 kunakaza misuli ya chini. Kitambi kinaondoka kwa kutembea haraka, kukimbia na kupunguza sahani. Na ile mikanda ya kubana tumbo? Ukiivua tu, kiuno kinarudi kilekile.

Chukua tepu ya fundi cherehani, toa pumzi, pima katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), hatari ya maradhi kama kisukari huanza kupanda ukizidi sentimita 80 kwa mwanamke, 94 kwa mwanaume.