Kiangazi cha baridi: kipupwe kinavyopanga bei Njombe na Makambako

Kutoka Njombe hadi Makambako ni kilomita 60 hivi za lami, na mwezi Julai umbali huo unatosha kubadilisha bei ya gunia. Njombe mjini, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, siku huanza kwa ukungu na manyunyu, na muuza makoti ya mitumba hupata wateja kabla muuza soda hajafungua kibanda. Makambako iko chini zaidi, ni kavu zaidi, na upepo wake haupumziki. Sehemu kubwa ya Tanzania ikisikia kiangazi hufikiria jua. Huku watu hufikiria baridi, kwa kuwa baridi ndiyo inayoamua nani atakuwa na viazi vya kuuza Oktoba, mahindi ya nani yatapokelewa ghalani na mche upi wa parachichi utafika mwaka wa pili.

Chanzo chake kiko baharini. Kati ya Juni na Agosti mgandamizo mkubwa wa hewa ulio kusini mwa Bahari ya Hindi, ule wa Mascarene, huimarika na kusukuma upepo wa kusi kuelekea pwani yetu. Dar es Salaam hupata nafuu ya joto na wavuvi hupata mawimbi. Upepo huohuo ukipanda Nyanda za Juu Kusini hupoa kadiri unavyopaa, na unyevu wake hugeuka ukungu na mvua nyepesi kwenye miteremko inayotazama mashariki, hasa upande wa Lupembe. Ukishavuka matuta umebaki mkavu, na Wanging'ombe hupata vumbi.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa mwelekeo wa kipupwe kila mwaka msimu unapoanza, na Nyanda za Juu Kusini hazikosi kutajwa kati ya maeneo yenye baridi kali. Mwelekeo huo huzungumza kwa kulinganisha na wastani: juu ya wastani, wastani, au chini yake. Ni kazi nzuri ya kisayansi, na watu wa mipango wanaihitaji. Lakini kwa biashara ya Njombe kiwango cha joto cha mkoa mzima hakitoshi. Kinachoua zao ni sakitu, ile barafu nyembamba ya usiku, na sakitu haiendi sambamba na baridi tunayoisikia mwilini. Usiku wa upepo na mawingu unaweza kuwatetemesha watu bila kuunguza jani hata moja. Usiku ulio kimya, wenye nyota tele, ndio wa hatari: ardhi hupoteza joto lake angani, hewa baridi huwa nzito, hutiririka kama maji kuelekea mabondeni na kutulia huko hadi alfajiri.

Mabondeni ndiko viliko vinyungu. Mvua za Msimu, zinazoanza Novemba na kukoma Aprili au mwanzoni mwa Mei, hulisha mazao ya mlimani, na viazi mviringo hufurika sokoni kwa pamoja bei ikishuka. Anayetaka bei nzuri hupanda kwenye kinyungu, ile bustani ya bondeni inayotegemea unyevu wa ardhi na mifereji, ili avune mwishoni mwa mwaka wakati malori ya Dar es Salaam yanatafuta mzigo kwa taabu. Faida ipo, na hatari yake iko palepale. Viazi vya mvua za Msimu huliwa na bakajani chelewa, ugonjwa unaopenda ubaridi wenye unyevu, na mkulima hulazimika kupiga dawa ya ukungu karibu kila wiki. Viazi vya kinyungu hukwepa sehemu ya gharama hiyo, kisha hukaa njiani mwa sakitu. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi ya kingo, ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Vinyungu vingi viko ndani ya mpaka huo, kwa hiyo mkulima hawezi kuviweka dhamana wala kuvijengea miundombinu ya maana.

Dalali analijua hili kuliko afisa wa benki. Ndiyo maana usiku mmoja wa sakitu ukipita Julai, bei ya mbegu hupanda kabla ya bei ya viazi vya kula: waliounguliwa wanataka kupanda upya, na mbegu bora ni chache. Lumbesa, ule ujazo wa gunia unaopita kipimo, nayo hurudi, pamoja na makatazo yote ya Wakala wa Vipimo, kwa sababu mkulima aliyepata hasara hana nguvu ya kubishana juu ya kilemba cha gunia.

Parachichi limeleta hesabu nyingine. Hass ya Njombe hukomaa polepole kwa ajili ya ubaridi, na ukawiaji huo ni mtaji, kwa kuwa Kenya imezoea kusimamisha uvunaji wa Hass kwa usafirishaji wa meli mwishoni mwa mwaka. Soko limepanuka pia: Novemba 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alipozuru Beijing, ulisainiwa mkataba uliofungua China kwa parachichi la Tanzania. Tatizo liko kwenye uchaguzi wa shamba. Mche mchanga unahitaji maji miezi mitano au sita isiyo na mvua, na wenye fedha huvutiwa na ardhi ya bondeni iliyo karibu na mto. Hass changa haihimili sakitu. Mteremko wa katikati, ambako hewa baridi hupita bila kutuama, ni salama zaidi hata kama unadai pampu na mipira ya maji. Ningekuwa mkopeshaji, ningeuliza kwanza shamba liko sehemu gani ya mteremko, kabla ya kuuliza idadi ya miche.

Kwenye chai, baridi ikiambatana na ukavu hudumaza machipukizi, majani mabichi hupungua, viwanda hufanya kazi chini ya uwezo na wachumaji hupoteza siku za kazi. Ulanzi, pombe ya mianzi, nao hukauka, kwa kuwa mianzi hugemwa wakati wa mvua.

Makambako huvuna faida kutokana na kile Njombe inachokosa. Mahindi ya uwanda wa juu, mengi yakiwa ya mbegu za muda mrefu, hukaa shambani hadi Juni na Julai, na ukungu hauyaachi yakauke. Kiwango cha unyevu kinachokubalika kwa biashara katika Afrika Mashariki hakizidi asilimia 13.5. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, una kanda yake Makambako, na mzigo mbichi hukataliwa. Hapo upepo wa Makambako hugeuka huduma: wafanyabiashara huanika kwenye maturubai, hupepeta, hupanga magunia upya na kusubiri. Barabara kuu ya Tunduma, njia ya Songea na stesheni ya TAZARA vinakutana hapo, kwa hiyo aliyekausha ana pa kuchagua mnunuzi. Mbao za misonobari na matofali ya kuchoma hufuata mkondo huohuo.

Upepo huo una upande wake mchungu. Kuanzia Septemba nyasi zimekauka, watu wanasafisha mashamba kwa moto, na msitu wa miaka kumi unaweza kuisha mchana mmoja. Kampuni kubwa zina barabara za kuzuia moto na vikosi. Mkulima mwenye ekari tatu za misonobari, aliyoipanda ili isomeshe watoto, ana jembe na majirani.

Turudi kwenye utabiri: mwelekeo wa mvua za Msimu nao hutoka mvua zikiwa zimekaribia kabisa, wakati wengi wamekwisha kuchagua mbegu na kuweka fedha kwenye mbolea. Kupata taarifa kamili mapema zaidi ni vigumu, kwa kuwa bahari yenyewe hubadilika. Lakini sakitu hutabirika siku chache kabla, kwa kuangalia mawingu, upepo na unyevu wa hewa. Tahadhari ya siku tatu, inayotaja kata na mabonde na kusomwa kwenye redio za Njombe na Makambako, ingempa mwenye kinyungu nafasi ya kulowesha udongo jioni ili utunze joto, na mwenye kitalu cha parachichi nafasi ya kufunika miche kwa nyasi.