Tamthilia ya Kichina isiyo na kung fu, lakini itakukosesha usingizi

UKITAJA filamu za Kichina kwa vijana wa Membley, picha inayowajia ni ile ile: mtu anaruka juu ya paa, mwingine anakula teke la shingo, halafu DJ Afro anaingilia kati na maneno yake mpaka kila mtu anashika mbavu. Wengine watakumbuka king'amuzi cha StarTimes na Wachina wanaoongea Kiswahili sanifu kumshinda mwalimu wako wa darasa la nane. Basi, ujuzi wetu unaishia hapo.

Mimi pia nilikuwa kwenye kundi hilo, hadi Jumamosi moja ya mvua. Nilikuwa nimekwama kwenye bedsita na binamu yangu, ambaye tunagawana naye kodi. Yeye ni karani wa stoo katika kampuni fulani, na siku hiyo hakuwa na shifti. Nikafungua laptopu nikaweka tamthilia ambayo rafiki mmoja alikuwa amenisumbua nayo kwa miezi. Binamu aliona kanzu ndefu na majumba ya kifalme, akajiweka sawa kitandani akisubiri panga zichomolewe. Dakika ishirini zikapita.

"Kwani hawa wazee wataanza kupigana saa ngapi?" akauliza.

Walikuwa wameshaanza kitambo, ila walikuwa wanapigania bajeti.

Tamthilia yenyewe inaitwa Da Ming Wangchao 1566. Ukiitafuta kwa jina la Kiingereza, andika Ming Dynasty in 1566. Ina vipindi 46, imeongozwa na Zhang Li na kuandikwa na Liu Heping, na ilionyeshwa mara ya kwanza mwezi Januari 2007 kwenye runinga ya Hunan nchini China. Ilipotoka, ilianguka vibaya, kwani watazamaji waliipita wakaenda kutafuta mapenzi na vichekesho kwingine. Ilichukua takriban miaka kumi kabla ya vijana wa kule kuigundua upya, na mwaka wa 2017 ikarudishwa rasmi kwenye jukwaa la Youku. Leo iko miongoni mwa tamthilia zenye alama za juu zaidi kwenye mtandao wa Douban, ambako Wachina hupimia filamu na vitabu. Hapa kwetu bado sijakutana na mtu aliyeiona, ukiondoa yule rafiki msumbufu.

Hadithi inaanza majira ya baridi ya kuelekea 1561. Theluji haijaanguka, na afisa mmoja anayesoma nyota anathubutu kusema kwamba mbingu zimekasirishwa na ubadhirifu wa ikulu. Anachapwa viboko hadi kufa. Baada ya hapo tunaingizwa kwenye kikao cha fedha. Hazina ni tupu, mwaka uliopita serikali ilitumia kupita kiasi, na mawaziri wanazozana kuhusu nani aidhinishe deni la nani. Mfalme mwenyewe, Jiajing, ameketi nyuma ya pazia akisikiliza. Kwa zaidi ya miaka ishirini hajafanya baraza la kawaida na maafisa wake. Anasali, anachoma ubani, anameza dawa za kutafuta maisha marefu, lakini hakuna senti inayotembea bila yeye kujua.

Suluhisho linalopatikana kwenye kikao hicho ndilo linaloendesha tamthilia nzima. Wakulima wa mkoa wa Zhejiang wataambiwa wang'oe mpunga wapande miforosadi. Majani ya mforosadi hulisha viwavi wa hariri, hariri itauzwa kwa wafanyabiashara wa ng'ambo, na hazina itajaa. Kwenye karatasi ni mpango mzuri sana, na hata mimi ningeupigia kura.

Shida inaanza pale mpango unaposhuka chini. Mkulima anauliza swali dogo tu: nikipanda miforosadi, mwaka huu watoto wangu watakula nini? Hakuna mwenye jibu, na agizo lina tarehe yake ya mwisho. Basi maafisa wa mkoa wanapata wazo. Mafuriko yanapokuja, kingo za mto zinapasuliwa makusudi usiku. Mashamba yanazama, mpunga unaoza, na watu wenye njaa wanauza ardhi kwa bei ya kutupa. Matajiri wananunua, miforosadi inapandwa, na ripoti inaenda Beijing kwamba kazi imefanyika.

Hapo nilimwangalia binamu. Hakuwa anauliza tena watapigana saa ngapi.

Sisi wa pande hizi hatuhitaji kuelezwa sana habari za zao moja kupisha jingine. Ruiru ni mji wa kahawa. Kituo cha utafiti wa kahawa kipo hapa, na aina ya mbegu ya Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka wa 1985, imebeba jina la mji wetu hadi mbali. Lakini panda ghorofani leo uangalie upande wowote: palipokuwa na mistari ya mibuni pana mistari ya maghorofa, na nyumba tunayolala imesimama kwenye udongo ule ule. Sisemi kuna mtu alipasua kingo za mto. Nasema tu kwamba tamthilia hii ilinifanya, kwa mara ya kwanza tangu nihamie hapa, niulize nani aliuza, kwa bei gani, na siku hiyo alikuwa na njaa ama la.

Sasa tuje kwa waigizaji, maana hapo ndipo mambo yote yako. Hakuna milipuko wala farasi wengi wa kukuzubaisha. Unabaki na sura za watu ndani ya chumba, na sura hizo zinatosha.

Chen Baoguo ndiye Mfalme Jiajing. Kabla ya hapo alikuwa ameigiza mfalme mwingine, Wu wa enzi ya Han, mwaka wa 2005, mfalme wa vita na amri. Huyu wa Ming ni kinyume chake. Mara nyingi anaongea polepole, kwa mafumbo, huku amevaa kanzu pana kama mtu aliyeamka sasa hivi. Halafu anainua jicho moja, na wanaume wazima wanapiga magoti. Chen hamchezi kama shetani. Anamchezea mtu mwenye akili kuliko wote chumbani, anayezitumia akili hizo kuhakikisha kila kosa lina mtu wa kulibeba, bora asiwe yeye.

Ni Dahong anaigiza Yan Song, waziri mkuu mwenye umri wa miaka 80. Ukimwona anavyotembea, anavyosinzia, anavyojifanya kiziwi swali linapokuwa gumu, utaapa ni mzee wa kweli. Ni Dahong amezaliwa 1960, kwa hivyo alikuwa hajafikisha hata miaka 50. Waliotazama All Is Well ya 2019 watamtambua: ndiye yule baba msumbufu aliyewatoa wanawe jasho. Mwanawe humu, Yan Shifan, ameigizwa na Zhang Zhijian kwa kiburi kitakachokufanya utamani kuingia kwenye skrini umzabe kofi.

Wangu wa moyoni ni Wang Qingxiang, anayemcheza Hu Zongxian, mkuu wa Zhejiang. Hu si malaika. Alipandishwa cheo na Yan Song, na anajua deni hilo. Lakini pia anajua mpango wa miforosadi utaua watu. Kila akikaa, mabega yanashuka kidogo zaidi, kama mtu aliyebebeshwa gunia na pande mbili zisizoelewana. Mwigizaji huyu anaweza kunyamaza sekunde kumi, na wewe ukasikia kila neno ambalo hakusema.

Halafu kuna Hai Rui, mtu wa kweli katika historia, aliyechezwa na Huang Zhizhong. Anatumwa kuwa mkuu wa wilaya ya Chun'an, moja ya zile zilizozamishwa. Ni fukara na msumbufu, hajui kubembeleza mtu. Historia inasimulia kwamba siku moja alinunua nyama kwa ajili ya siku ya kuzaliwa ya mama yake, ratili mbili tu za Kichina, na habari hiyo ikamfikia Hu Zongxian kama kioja: Hai Rui amenunua nyama! Ni kama kilo moja na kidogo. Pale Kamakis hiyo ni oda ya watu wawili, tena wataongeza mutura.

Mwaka wa 1566, Hai Rui aliandika waraka kumweleza Mfalme usoni kwamba ameiharibu nchi. Aliwaambia raia walikuwa wanageuza jina lake la utawala kuwa fumbo, maana kwa Kichina "Jiajing" linasikika kama kusema kila nyumba imefagiliwa ikabaki tupu. Kabla ya kuuwasilisha alijinunulia jeneza. Alitupwa gerezani, na akatoka tu kwa sababu Mfalme alifariki mapema mwaka uliofuata. Hayo nimekwambia kwa sababu yako kwenye vitabu vya historia. Jinsi Chen na Huang wanavyolicheza pambano hilo, sitakuharibia.

Jina la Hai Rui halikuwahi kuwa jepesi nchini China. Mwaka wa 1961 mwanahistoria Wu Han alitoa mchezo wa jukwaani kuhusu afisa huyu kufutwa kazi. Miaka minne baadaye ukashambuliwa gazetini kwamba ni fumbo la kuwasema wakubwa, na mashambulizi hayo yakawa mlango wa Mapinduzi ya Kitamaduni. Wu Han alifia kizuizini mwaka wa 1969. Nikikumbuka hilo, nashangaa tamthilia hii ilithubutu kuwepo.

Je, ina kasoro? Ipo nayo. Majina ni mengi, na vipindi vitatu vya kwanza utakuwa unauliza "huyu ni wa upande gani?" kama mgeni kwenye harusi. Wanawake ni wachache, na wengi wao wapo kuteseka ama kuhudumia. Pia si ya kutazama huku unachati. Ukiinama kwenye simu dakika mbili, ukirudi utakuta mtu ameshahukumiwa kifo kwa sentensi ya heshima.

Lakini nadhani sababu kubwa ya kupuuzwa kwake ndiyo sababu ya sisi kuitazama. Watu husema bajeti haina stori. Kizazi chetu kinajua hiyo si kweli. Juni 2024 vijana walisoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakauelezea kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za mama, wakaenda barabarani, wengine hawakurudi nyumbani. Tuliona jinsi tarakimu kwenye karatasi inavyogeuka bei ya mkate. Tamthilia hii inaonyesha safari hiyo hiyo, kituo kwa kituo, na jambo linalouma ni kwamba karibu kila aliyeko njiani anajua ukweli. Towashi wa kiwanda cha hariri, ambaye Wang Jinsong anamcheza kwa tabasamu la nyoka, anajua. Mfanyabiashara Shen Yishi, aliyechezwa na Zhao Lixin, anajua, na ameandika kila kitu kwenye vitabu vyake vya hesabu. Wanatia sahihi tu, kwa sababu aliye juu ametia na aliye chini anangoja.

Usiku wa kipindi cha kumi na kitu, binamu alisimamisha video. Akaniambia kuna karatasi ya kupokea mizigo kazini ambayo imekaa mezani kwake siku nne. Mizigo haijafika, na yeye ameambiwa atie sahihi kwamba imefika, na kwamba "hiyo ni ya wakubwa, wewe weka tu." Mkataba wake unaisha Desemba. Ana mama kijijini, na kodi yetu ni nusu kwa nusu.

Sikujua la kumjibu. Ni rahisi kumshangilia Hai Rui ukiwa umelala kitandani na chai. Na tamthilia yenyewe haikudanganyi: familia ya Hai Rui inalipa bei ya msimamo wake, na haikuulizwa kama iko tayari. Wala haimtukani Hu Zongxian aliyejaribu kupita katikati.

Jumatatu binamu alirudi jioni, akavua viatu vya matope mlangoni, akasema ametia sahihi. Nikanyamaza. Kisha akaongeza kwamba juu ya sahihi aliandika tarehe na maneno mawili: "Mzigo haujafika." Akapiga picha ya karatasi na simu yake kabla ya kuirudisha.

Hadi naandika haya, hajaitwa ofisini. Hatujui kama hiyo ni habari njema. Kwa sasa tumebakisha vipindi vinane, na yeye ndiye anayeharakisha chakula cha jioni siku hizi ili tuanze mapema.

Ukitaka kuianza, ipe vipindi vinne kabla hujaihukumu, na uitazame na mtu mwenye kazi ya kutia sahihi.